Wimbo Gani kwa Saa Gani? Fundisho juu ya Nyimbo za Ibada



Mtu aingiapo kanisani kwa mara ya kwanza hajui bado kusali, wala hajui Amri Kumi, wala Sakramenti Saba. Lakini kabla ya mwezi kwisha amekwisha kujua nyimbo tano au sita kwa moyo. Huziimba shambani, huziimba mtoni, na mama huzitumia kumbembeleza mtoto wake. Basi wimbo ni mwalimu anayefika kabla ya katekista, naye hukaa nyumbani hata baada ya katekista kwenda zake.

Ikiwa mwalimu huyo anasema kweli, ni furaha. Ikiwa anasema uwongo, ni nani atakayemsahihisha? Mahubiri ya padri mtu aweza kuyasahau kabla ya kufika mlangoni pake. Wimbo hausahau hata awapo mzee asiye na meno. Kwa sababu hiyo tutajifunza leo mambo matatu: kwa nini Eklezia huimba, namna ya kupima kama wimbo unafaa, na jinsi ya kuishi na ajali za uimbaji, kwa maana ajali hazikosekani.

I. TANGU MWANZO WAKRISTU NI WAIMBAJI

Karibu mwaka 112, liwali mmoja wa Warumi jina lake Plinius alitawala nchi ya Bitinia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa akiwahukumu Wakristu, naye alitaka kujua wanafanya nini katika mikutano yao. Akawahoji, hata akawatesa wanawake wawili watumishi ili waseme. Halafu akamwandikia Kaisari Trajanus habari aliyoipata. Alisema kwamba watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristu kama Mungu, tena hufunga agano la kutoiba, kutozini na kutovunja neno lao.

Tazameni vema, wapenzi. Aliyetoa ushuhuda huo si rafiki, ni hakimu. Naye aliona mambo mawili yakienda pamoja: wimbo na mwenendo mwema. Wakristu wale hawakuimba kwa Kristu alfajiri na kuiba adhuhuri. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya wimbo wa kanisa, nayo ni ya zamani kuliko sheria nyingine zote tutakazozisema.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, nchi iitwayo leo Algeria, alibatizwa Milano mwaka 387. Katika kitabu chake cha Maungamo asimulia jinsi alivyolia machozi kwa kusikia nyimbo za kanisa siku zile za ubatizo wake. Nyimbo zile zilimfungua moyo. Lakini mtakatifu huyo hakuishia hapo. Alijichunguza, akaona kwamba mara nyingine utamu wa sauti ulimvuta kuliko jambo lenyewe lililoimbwa. Hilo akalihesabu kuwa kosa, akasema afadhali asimsikie mwimbaji kuliko kuvutwa hivyo. Hata hivyo aliona ni vema desturi ya kuimba ikae katika Eklezia, ili mtu mwenye roho dhaifu ainuliwe kwa njia ya masikio yake.

Hapo twapata kipimo kizuri. Mwisho wa Misa jiulize: Je, wimbo ule umenipeleka kwa Mungu, ama umenipeleka kwa mwimbaji tu?

II. KIPIMO CHA KWANZA: MANENO

Kila wimbo una mambo matatu ya kupimwa. Una maneno yake. Una mahadhi yake, yaani sauti ya wimbo hata bila maneno. Tena una saa yake. Tuanze na maneno.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Liturujia iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba maneno ya nyimbo za ibada lazima yapatane na imani katoliki, na kwamba yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika chemchemi za liturujia. Basi wimbo unaofundisha kinyume cha Nasadiki haufai, hata kama ngoma zake ni nzuri na watu wote huupenda. Wimbo unaosema kwamba Bikira Maria ni sawa na Mungu haufai. Maria ni Mama wa Mungu, naye ni kiumbe. Wimbo unaosema kwamba mwenye sala hatapata ugonjwa wala umaskini haufai. Bwana wetu mwenyewe alichukua msalaba.

Lakini kuna maneno mengine ya hatari zaidi, nayo nataka tuyaangalie polepole, maana yanagusa uhai wa watu.

Mtu akifa kijijini, hasa akiwa kijana au mama aliyefariki katika kuzaa, wengi hawaulizi alikufa kwa ugonjwa gani. Huuliza: Ni nani aliyemla? Ndipo usiku wa kilio mwimbaji mmoja huanzisha wimbo. Hataji jina la mtu. Huimba tu juu ya ndege wa usiku anayelala katika nyumba ya kando ya mto, au juu ya mti wa kale unaozidi kusimama huku miche michanga inakauka. Hataji jina, lakini wote wameelewa. Wengine huitikia kwa sababu kiitikio ni kitamu. Wengine huitikia kwa sababu waogopa kunyamaza, wasije wakashukiwa nao. Asubuhi bibi mmoja mjane, ambaye usiku kucha alikuwa akilia pamoja nao, hutolewa nje, hupigwa, nyumba yake huchomwa. Pengine hufukuzwa akalale porini. Pengine huuawa.

Wakatekumeni, ni nani aliyempiga bibi yule? Vijana wenye fimbo, ndiyo. Lakini fimbo zilianza usiku, katika wimbo. Mwenye kuanzisha wimbo ule amevunja amri ya nane, kwa maana ameshuhudia uwongo juu ya jirani. Na damu ikimwagika, amri ya tano nayo imevunjwa. Aliyeitikia je? Ametoa sauti yake kama vile mtu anavyotoa kuni kwa moto wa jirani. Asiseme: Mimi niliimba tu.

Basi katekumeni afanye nini usiku ule? Kwanza, asiitikie. Kunyamaza kwake kutaonekana, na huko ndiko kuungama imani kwake. Pili, asikimbie kilio, kwa sababu kuwafariji wenye msiba ni tendo la huruma. Akae, asali Rozari pamoja na Wakristu wengine, waimbe zaburi na nyimbo za kumwombea marehemu, hata wimbo ule mbaya ukose nafasi. Tatu, ikiwa amejua ni bibi gani anayeshukiwa, aende kuketi karibu naye mbele ya watu wote, wala asimwache peke yake mpaka jua lichomoze. Na habari zifikishwe kwa katekista, kwa padri na kwa wakubwa wa mahali. Mengine katika ukatekumeni hujifunza kwa kitabu. Hili hujifunza kwa mwili, nalo ni gumu. Lakini bibi yule ni mtu ambaye Kristu alimfia.

Nyimbo za namna hiyo hutafuta kuingia hata kanisani, zimevaa nguo za Kikristu. Zaanza kwa jina la Yezu, halafu zamwomba awachome adui, awaangushe wenye wivu, amrudishie mlozi uovu wake. Mwimbaji asema: Ni sala. Tumjibu kwa upole: Bwana wetu alituamuru kuwapenda adui na kuwaombea wenye kututesa; naye mwenyewe, alipokuwa msalabani, aliwaombea msamaha waliomsulubisha. Wimbo unaoomba kifo cha jirani hauwezi kuimbwa mbele ya msalaba ule.

Nyimbo za mazishi ya Kikristu zina kazi nyingine. Zaomba huruma ya Mungu kwa marehemu, tena zatangaza tumaini la ufufuko. Zaruhusu machozi, kwani Yezu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake Lazaro. Lakini hazimtafuti mwenye kuhukumiwa.

III. KIPIMO CHA PILI: MAHADHI

Mahadhi hubeba kumbukumbu. Ukichukua wimbo wa wanywaji wa pombe, ukaondoa maneno yake, ukaweka maneno ya Ekaristi, masikio ya watu yatasikia maneno mapya, lakini mioyo yao itakumbuka ya zamani. Kijana atacheka chini chini. Mzee ataudhika. Mtoto, ambaye hajui chochote, Jumamosi atausikia wimbo uleule katika baa ya barabarani, naye atashangaa kwa nini watu wanaimba Komunio penye chupa.

Jambo hilo si geni. Huko Ulaya, tangu karne ya 15, mafundi wa muziki walitunga Misa nyingi juu ya mahadhi ya wimbo mmoja wa kidunia uitwao L'homme armé, yaani mtu mwenye silaha. Misa nyingine zilijengwa juu ya nyimbo za mapenzi. Baadhi zilikuwa kazi nzuri sana za ufundi, lakini wachungaji walihuzunika. Basi mwaka 1562 Mtaguso wa Trento uliwaagiza maaskofu waondoe kanisani muziki wowote, wa kinanda au wa sauti, uliochanganyika na jambo la ashiki au uchafu.

Miaka mia tatu na arobaini ikapita, taabu ikarudi kwa mlango mwingine. Katika makanisa mengi ya Italia kwaya ziliimba kama waigizaji wa jukwaani. Mwimbaji mmoja alitaka kusifiwa, na padri altareni alingoja. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Alidai mambo matatu: muziki uwe mtakatifu, uwe na ufundi wa kweli, tena uweze kupokelewa na watu wa mataifa yote bila kuudhika. Alikataza piano kanisani pamoja na vyombo vya makelele. Hata hivyo alikubali kwamba kila taifa laweza kuwa na namna zake za kuimba, mradi zitii sheria hizo tatu.

Hapo wengine watauliza: Na ngoma zetu je? Zamani, katika misioni nyingi, ngoma ilikatazwa kanisani. Wamisionari waliogopa kumbukumbu tuliyoisema: waliisikia ngoma katika matambiko na katika michezo ya usiku, wakadhani haiwezi kusema neno jingine. Lakini Eklezia ilizidi kutafakari. Mwezi wa Desemba 1955 Papa Pius XII aliwahimiza wamisionari waziheshimu nyimbo za wenyeji na kuzitumia kwa ajili ya dini.

Nchi yetu ilitoa jibu lake mapema. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya ya watoto na walimu, pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, waliimba Misa iitwayo Missa Luba. Maneno ni yaleyale ya Kilatini, wala hakuna lililobadilishwa. Mahadhi na ngoma ni za Kongo. Mwaka uleule kwaya hiyo ilisafiri Ulaya na kuimba Brussels wakati wa Maonyesho ya Dunia.

Angalieni walivyochagua. Utuhurumie, Utukufu na Nasadiki waliziimba kwa namna ya kasala, utungo wa Waluba uimbwao penye msiba. Na Mtakatifu waliuweka juu ya wimbo wa kuagana. Hawakuchukua mahadhi yoyote yaliyokuwa karibu. Walitafuta katika urithi wa wazee sauti zenye uzito, zinazojua kulia na kuagana, wakazipeleka altareni. Kwa hiyo watu wa mbali, wasiojua lugha zetu hata moja, walielewa kwamba hapo watu wanasali.

Miaka mitano baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi kwamba mataifa ya misioni yana urithi wao wa muziki, na kwamba urithi huo upewe heshima. Vyombo vyao vyaweza kupokelewa vikifaa kwa kazi takatifu, kwa idhini ya wakubwa wa Eklezia. Na tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilithibitisha kitabu cha Misa ya Kirumi kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa siku zile. Katika Misa hiyo wimbo wa Utukufu huenda pamoja na mchezo mtakatifu wa kuizunguka altare.

Basi ngoma si dhambi, wala kinanda si utakatifu. Ulizeni hivi: Mahadhi haya yanakumbusha nini katika kijiji chetu? Na ngoma hii, je, inasaidia sauti za watu, ama inazizika?

Wala tusidhani kwamba kila kitu kitokacho Ulaya chafaa. Siku hizi katika miji yetu bibi arusi huingia kanisani kwa muziki wa simu au wa kinanda ambao watu huuita wimbo wa arusi. Mmoja ni wa Richard Wagner, kutoka mchezo wa jukwaani uitwao Lohengrin, ulioonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Katika mchezo ule wimbo huimbwa maarusi wanapopelekwa chumbani, na usiku uleule ndoa yao inavunjika. Mwingine ni wa Felix Mendelssohn, aliyeutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare wenye mazimwi na vichekesho. Muziki huo si mwovu. Lakini Wakristu wawili wanaokuja kuahidiana uaminifu mpaka kufa wana nyimbo zilizo zao: zaburi za kumsifu Mungu, nyimbo za upendo wa Kristu kwa Eklezia. Kwa nini waazime za jukwaani, tena za ndoa iliyovunjika?

IV. KIPIMO CHA TATU: SAA

Wimbo mwema ukiimbwa saa mbaya huharibika, kama mvua inyeshayo wakati wa kuanika muhogo. Mvua ni baraka, lakini si siku ile.

Misa ina sehemu zake, na kila sehemu yaomba wimbo wake. Mwanzoni twaimba ili kukusanya watu wawe moyo mmoja na kuandamana na padri kuelekea altareni. Padri akifika na kukaa tayari, wimbo umekwisha kazi yake. Baada ya somo la kwanza huimbwa zaburi, nayo ni Neno la Mungu. Haifai kuiondoa na kuweka wimbo mwingine kwa kuwa kwaya haikujifunza zaburi. Vilevile Mtakatifu na Mwanakondoo vina maneno yaliyowekwa, wala kwaya haina ruhusa ya kuyabadilisha kwa maneno iliyoyatunga. Wakati padri anaposali sala za ukuhani, na hasa Sala ya Ekaristi, hakuna wimbo mwingine unaoimbwa, na kinanda hunyamaza. Wakati wa Komunio twaimba juu ya Mwili wa Bwana, juu ya umoja wetu na shukrani yetu. Huo si wakati wa wimbo wa kuchangisha fedha au wa kumkaribisha mgeni wa serikali.

Na mwaka wa Eklezia una majira yake kama shamba. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka usiku wa Pasaka, Aleluya haiimbwi hata mara moja. Utukufu hauimbwi katika Dominika za Majilio na za Kwarezima. Wakati wa Kwarezima vyombo hupigwa ili kusaidia waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sikukuu kubwa. Alhamisi Kuu, baada ya Utukufu, kinanda hupigwa kusaidia waimbaji tu hadi Utukufu wa usiku wa Pasaka.

Kwa nini ukali huu? Si ukali. Mama ampendaye mtoto wake hampi sukari kila siku. Siku arobaini masikio yetu yanafunga pamoja na tumbo. Na usiku ule Aleluya irudipo, hata wazee husimama kama vijana. Kwaya inayopenyeza Aleluya katikati ya Kwarezima kwa sababu wimbo ni mtamu, imewaibia watu furaha ya Pasaka.

V. AJALI ZA UIMBAJI

Tena kuna mambo yasiyo makosa ya kuchagua bali ajali tu. Mwimbishaji huanza juu mno, na kufika ubeti wa pili wanaume wamenyamaza na wanawake wanapiga kelele. Au pande mbili za kanisa huanza nyimbo mbili kwa mara moja. Au ngozi ya ngoma imelegea kwa unyevu, maana hakuna aliyeiota motoni asubuhi. Au wimbo wa matoleo una beti kumi na mbili, na kwaya yataka kuzimaliza zote huku padri amesimama amenyosha mikono. Au simu ya mtu hulia kwa muziki wa dansi wakati wa kuinua Hostia.

Ajali haziwaogopi hata wakubwa. Mwezi wa Januari 1687, mjini Paris, Jean-Baptiste Lully, fundi wa muziki wa mfalme Louis XIV wa Ufaransa, aliimbisha kanisani Te Deum ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mfalme. Siku zile mwimbishaji alihesabu mapigo kwa kugonga sakafu na fimbo. Akajigonga mguu mwenyewe. Kidonda kikaoza, naye akafa tarehe 22 Machi. Mfalme aliyekuwa mgonjwa alipona, na aliyeimbisha shukrani alizikwa. Hatujui saa yetu, wapenzi, hata tukiwa katikati ya wimbo.

Lakini uhaba pia waweza kuzaa matunda. Usiku wa Noeli wa mwaka 1818, katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi huko Oberndorf, Austria, padri Joseph Mohr na mwalimu wa shule Franz Xaver Gruber waliimba wimbo wao mpya kwa gitaa tu, pasipo kinanda. Wimbo huo, ambao Wazungu huuita Usiku Mtulivu, leo huimbwa ulimwenguni pote. Kanisa dogo, gitaa moja, watu wawili. Kwaya isiyo na vyombo isikate tamaa.

Wakristu wa madhehebu mengine nao wanajua taabu hizi. Walio majirani wa Wamormoni, ambao hekalu lao la Kinshasa lilifunguliwa rasmi mwaka 2019, wamesikia kwamba nao siku ya Dominika hubariki mkate na maji, na kabla ya hapo huimba wimbo unaopaswa kutaja sadaka ya Mwokozi. Kwao mpiga kinanda na mwimbishaji ni jirani tu aliyepewa kazi hiyo bila mshahara, wala si kila mara fundi. Mara nyingine wimbo hukwisha kabla mkate haujamegwa wote, naye mpiga kinanda hulazimika kuendelea peke yake mpaka wamalize. Mafundisho yao si yetu, na Ekaristi yetu si mkate na maji. Lakini kanuni hii tunaijua pia: wimbo unangojea tendo takatifu, tendo takatifu halingojei wimbo. Basi tusimcheke mtu anayejitahidi kumwimbia Mungu kwa vidole vyenye kutetemeka.

Ajali ikitokea kwetu, tufanyeje? Mwimbishaji asimame, avute pumzi, aanze tena chini kidogo. Wimbo ukizidi kurefuka, aukate mwisho wa ubeti. Watu wasicheke, wala asikaripiwe mbele ya wote. Maneno ya kumsahihisha yangoje nje, chini ya mti, kwa heshima. Mwimbishaji aliyeaibishwa kanisani harudi Dominika ijayo, nasi tumepoteza mtumishi kwa sababu ya noti moja.

VI. KAZI YA KILA MMOJA

Mwaka 1967, katika agizo liitwalo Musicam sacram, Roma ilikataza desturi ya kuwaachia kwaya nyimbo zote huku watu wengine wamenyamaza. Kwaya ni kama mkono wa kuume wa mwili. Ni wenye nguvu, lakini mwili si mkono tu. Bibi kizee asiyejua kusoma, mtoto, katekumeni ambaye bado hapokei Ekaristi, wote wana sehemu yao.

Basi kwaya ifundishe kiitikio kwa watu kabla ya Misa kuanza. Mwimbishaji asome masomo ya Dominika siku ya Ijumaa au Jumamosi, achague nyimbo kwa kufuata masomo hayo, amwonyeshe katekista au padri. Mtungaji wa wimbo mpya apeleke maneno yake yachunguzwe, wala asione haya. Hata dhahabu hupitishwa motoni.

MASWALI NA MAJIBU

1. Kwa nini Eklezia huimba?
Huimba ili kumtukuza Mungu, kufundisha imani, na kuwaunganisha watu moyo mmoja.

2. Wimbo wa ibada hupimwa kwa mambo gani?
Hupimwa kwa mambo matatu: maneno, mahadhi na saa.

3. Je, ngoma yaruhusiwa katika Misa?
Ndiyo, ikifaa kwa kazi takatifu, kwa idhini ya wakubwa wa Eklezia, tena ikisaidia watu kusali.

4. Aleluya haiimbwi wakati gani?
Haiimbwi tangu Jumatano ya Majivu mpaka usiku wa Pasaka.

5. Je, ni dhambi kuitikia wimbo unaomshuhudia mtu ulozi?
Ndiyo. Ni ushuhuda wa uwongo juu ya jirani, nao waweza kuleta mauaji.

6. Katekumeni afanye nini katika kilio chenye wimbo wa namna hiyo?
Asiitikie, akae, asali pamoja na wengine, amlinde anayeshukiwa, tena awaarifu katekista, padri na wakubwa wa mahali.

7. Mwimbishaji akikosea, tufanyeje?
Tumsaidie kuanza tena, tusicheke, na kumsahihisha kwetu kuwe nje na kwa upole.

AZIMIO LA JUMA HILI

Chagua wimbo mmoja unaoupenda sana. Uuseme maneno yake polepole, bila kuuimba, mbele ya mtu mmoja wa nyumba yako. Mwulizeni pamoja Bwana Yezu kama maneno hayo ni kweli, na kama mwaweza kuyaimba mkiwa mmeketi karibu na yule bibi mjane wa kando ya mto. Ikiwa mwaweza, uimbeni kwa nguvu zote.